Je, Wajua? Kati ya Kuiva na Kuungua

Jioni ikiingia Lucky Summer, Nairobi, pua hupata habari kabla ya macho. Mahindi yako juu ya makaa kando ya barabara, mutura inapinduliwa, chapati zinafuka moshi kibandani, na ndani ya ploti fulani kuna maharagwe ambayo mwenyewe ameyasahau akipiga soga na jirani. Harufu tatu za kumeza mate na moja ya kukunja uso, na zote nne ni kazi ya moto uleule. Haya hapa ni baadhi ya yale ambayo sayansi imegundua kuhusu chakula kilichochomwa, kilichokaangwa na kilichoungua. Nyuzijoto zote ni za Selsiasi.

MAJI YAKIISHA, MOTO HUSHIKA HATAMU

Je, wajua kwamba chakula chenye maji ya kutosha hakiungui? Maji yakishaanza kuchemka hayazidi joto hilo, hata uongeze makaa mpaka jiko liwe jekundu. Moto wa ziada huondoka na mvuke. Rangi ya kahawia na harufu ya kuchoma huhitaji takriban nyuzijoto 140 ili zije kwa kasi. Maji basi ndiyo mlinzi wa sufuria: akitoka zamu, joto la chini hupanda kwa dakika chache, na maharagwe yaliyokuwa yakitokota kwa saa mbili yanashika chini kabla hujarudi kutoka dukani.

Je, wajua kwamba maji huchemka mapema Lucky Summer kuliko Mombasa? Pwani huchemka kwenye nyuzijoto 100. Eneo hili la Nairobi liko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa inakandamiza kwa nguvu ndogo zaidi, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 au 95 hivi. Githeri ya Nairobi kwa hiyo hukaa motoni muda mrefu kuliko ingekaa Likoni, na kila dakika ya ziada ni nafasi nyingine ya maji kukauka bila mtu kuona.

Je, wajua ni nani aliyetoa jina kwa rangi ya chapati? Ni Louis-Camille Maillard, daktari na mwanakemia wa Ufaransa, ambaye mwaka 1912 alieleza kinachotokea asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zinapopashwa moto pamoja na sukari. Hakuwa anafikiria chakula. Alikuwa akitafuta namna mwili unavyounda protini. Alifariki mwaka 1936 kabla wapishi hawajamjua.

Aliyeuchora mchakato huo hatua kwa hatua ni John E. Hodge, mwanakemia Mmarekani mweusi aliyefanya kazi katika maabara ya idara ya kilimo mjini Peoria, jimbo la Illinois. Mchoro wake wa mwaka 1953 bado unafundishwa vyuoni.

Je, wajua kwamba kuna njia mbili za chakula kuwa cha kahawia motoni? Ya Maillard huhitaji protini na sukari, ndiyo ya nyama, mkate, kahawa na njugu karanga. Ya pili ni sukari peke yake. Sukari nyeupe ikifika nyuzijoto 160 na zaidi huyeyuka, ikawa ya dhahabu, kisha ya kahawia. Kadiri inavyozidi kuwa nyeusi ndivyo inavyopoteza utamu, kwa sababu molekuli tamu zinavunjika na kuwa nyingine chungu. Ukiiacha mpaka mwisho, kilo ya sukari inaweza kugeuka kitu ambacho hakitii chai utamu hata kidogo.

Je, wajua kwamba mkaa mtupu hauna ladha? Kaboni safi haiyeyuki katika mate, na kisichoyeyuka ulimi haukionji. Uchungu wa chakula kilichoungua hautoki kwenye kaboni. Unatoka kwenye molekuli zilizo katikati ya safari: si chakula tena, na hazijawa mkaa.

Je, wajua kwamba huenda moto wa kale sana wa binadamu uliacha alama zake Baringo? Mwaka 1981 watafiti walitangaza kwamba wamepata vipande vya udongo uliochomwa huko Chesowanja, karibu na Ziwa Baringo, vya umri wa takriban miaka milioni 1.4, pamoja na zana za mawe. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama moto huo uliwashwa na watu au na radi.

Mwanaanthropolojia Richard Wrangham, aliyeanza kuchunguza sokwe huko Gombe, Tanzania, katika miaka ya 1970, alijaribu kula vyakula vya porini wanavyokula sokwe. Akavikuta vigumu, vyenye nyuzinyuzi, vingi vichungu. Baadaye, mwaka 2009, alichapisha kitabu akidai kwamba kupika ndiko kulikomfanya binadamu awe binadamu: chakula kilichopikwa hutafunwa haraka na humpa mlaji nishati zaidi. Sokwe nao wakipewa kuchagua, mara nyingi huchukua kilichopikwa.

CHINI YA SUFURIA

Je, wajua kwa nini sufuria nyembamba huunguza haraka kuliko chungu? Alumini hupitisha joto mara tatu hivi zaidi ya chuma, na mara nyingi sana zaidi ya udongo. Kitako kikiwa chembamba, kaa moja jekundu lililo chini yake linahisiwa na chakula kilicho juu yake papo hapo. Ndiyo maana alama ya kuungua mara nyingi ni duara dogo na si kitako kizima. Chungu huchelewa kupata moto, lakini kikishaupata huusambaza taratibu.

Je, wajua kwa nini chai ya rangi haiungui lakini uji unaungua? Maji mepesi huzunguka yenyewe: ya moto hupanda, ya baridi hushuka. Uji, maharagwe yaliyopondeka na mchuzi mzito havizunguki. Kilicho chini hukaa chini kikipokea moto peke yake. Mwiko unafanya kazi ambayo maji yameshindwa.

Je, wajua kwamba maziwa yana kila kitu cha kuungulia? Yana protini na yana sukari yake, laktosi. Juu ya nyuzijoto 70 protini za majimaji ya maziwa hufumuka na kunata kwenye kitako, madini ya kalisi yanazifuata, na tabaka hilo jembamba huzuia joto lisisambae. Kitako kinazidi kupata moto, tabaka linageuka kahawia, na chai ya familia nzima inapata ladha ya moshi. Moto mdogo na mwiko usiotulia ndiyo dawa.

Je, wajua kwa nini kijiko kimoja cha maharagwe yaliyoshika huharibu sufuria nzima? Miongoni mwa molekuli za harufu ya kuungua kuna guayakoli, ambayo pua huihisi hata ikiwa sehemu chache tu katika bilioni. Mvuke unaotoka chini unazibeba molekuli hizo na kuzipitisha katika chakula chote, na mafuta ya mchuzi yanazishika zisitoke.

Ndiyo maana mama aliyezoea hakwangui kitako. Huzima moto, hutia kitako cha sufuria ndani ya maji baridi ili kuungua kusimame, kisha humimina kilicho juu kwenye sufuria nyingine na kuuacha ukoko pale pale. Kila hatua kati ya hizo ina maana katika kemia. Kukwangua kunamwaga sumu ya ladha kwenye kile kilichokuwa bado kizima.

Na ukoko uliokusudiwa je? Ugali ukiachwa motoni baada ya kupakuliwa, maji ya tabaka la chini huisha, wanga wake huvunjika na kuwa minyororo mifupi yenye utamu wa mbali, na juu yake Maillard anaongeza harufu ya mahindi ya kuchoma. Kinachofanya uvunjike kinywani kwa kishindo ni ukosefu wa maji. Uache usiku kucha kwenye hewa yenye unyevu, nao unakuwa kama ngozi.

Watoto wanaogombania ukoko wa wali wana wenzao duniani kote. Wairani huutengeneza kwa makusudi na kumpa mgeni kwanza, Wakorea huumwagia maji ya moto wakaunywa, na Wahispania hawahesabu kwamba wali wao wa sinia umeiva mpaka ukoko ushike.

Je, wajua kwa nini matone ya maji hucheza juu ya kikaango cha chapati? Chuma kikipita takriban nyuzijoto 200, tone linapogusa hutoa mvuke chini yake na kuelea juu ya mvuke huo bila kuguswa na chuma. Mjerumani Johann Gottlob Leidenfrost alilieleza jambo hili mwaka 1756. Kwa mpishi ni kipimajoto cha bure: tone likichemka na kutoweka, kikaango bado, likikimbia huku na huko, punguza moto, la sivyo chapati ya kwanza itatoka na madoa meusi huku ndani ikiwa mbichi.

Je, wajua kwamba rangi ya pilau haitoki kwenye viungo? Bizari nyembamba na mdalasini huleta harufu. Ukahawia ni wa vitunguu vilivyokaangwa mpaka sukari na protini zake zikageuka. Kitunguu ni maji kwa karibu asilimia 90, ndiyo maana hukaa sana bila kubadilika, halafu ghafla hubadilika chote. Kati ya kitunguu cha pilau tamu na kitunguu cha pilau chungu kuna dakika moja au mbili, na mpishi wa Pwani haachi kikaango wakati huo hata akiitwa.

Je, wajua kwamba magadi huharakisha kahawia? Mchakato wa Maillard hupenda mazingira ya kialkali. Chembe za magadi, yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911, au baking soda ya mandazi, huifanya rangi ije mapema. Ukizidisha, andazi linakuwa jeusi nje kabla ya kuiva ndani, na ladha ya sabuni juu yake. Limau na siki hufanya kinyume: huchelewesha.

KIBANDANI NA STEJINI

Je, wajua kwa nini mahindi mabichi ya kuchoma ni matamu siku ya kuvunwa kuliko kesho yake? Hindi likishakatwa, sukari yake huendelea kugeuka wanga. Sukari ikipungua, utamu unapungua, na rangi inachelewa kuja. Muuzaji analazimika kuliacha motoni zaidi, likawa gumu. Pilipili na ndimu haviwezi kurudisha sukari iliyokwisha kwenda.

Je, wajua kwamba bisi hupasuka kwenye nyuzijoto 180 hivi? Maji yaliyofungiwa ndani ya punje hugeuka mvuke, ganda linashindwa kuhimili, na wanga unafumuka. Punje iliyopasuka ganda haiwezi kushika mvuke; hiyo ndiyo inayobaki chini na kuungua.

Kiazi kitamu kilichochomwa polepole kwenye majivu ni kitamu kuliko kilichochemshwa harakaharaka. Kati ya nyuzijoto 60 na 75 hivi kimeng'enya kilichomo hugeuza wanga kuwa sukari. Moto mdogo hukipa muda wa kazi. Maji yanayochemka kwa kasi hukiua mapema.

Je, wajua kwa nini chipsi nyingine huwa nyeusi kabla ya kuiva? Viazi vikihifadhiwa kwa wiki nyingi katika baridi kali, wanga wao hugeuka sukari. Sukari hiyo ikikutana na mafuta ya nyuzijoto 170 au 180, inakimbilia ukahawia. Shangi, kiazi kinachopendwa sana Kenya, huiva upesi lakini pia huchipua upesi, na hicho ni kishawishi cha kukiweka baridini. Mahali penye giza na hewa, si friji, ndipo mahali pake.

Je, wajua kinachowasha macho mafuta yanapofuka moshi? Ni akrolini, inayotokana na gliseroli, kiungo kimoja cha mafuta. Inachoma macho na koo kiasi kwamba ilijaribiwa kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hufuka mapema kuliko mapya. Macho yakianza kutoa machozi mbele ya karai, mafuta yenyewe yameshasema.

Je, wajua kwamba kuchoma nyama kwa moto mkali hakufungi maji ndani? Wazo hilo lilienezwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19, na majaribio yaliyofuata yamelikanusha. Nyama iliyopata ukoko hupoteza maji vilevile. Sauti ya chaa juu ya wavu ndiyo sauti ya maji yakiondoka. Ukoko unapendwa kwa sababu ndio wenye ladha.

Moshi unaopanda mafuta yanapodondokea makaa una kazi mbili. Unaipa nyama choma ile harufu ambayo oveni haiwezi kuipa, na unaipaka kemikali za familia ya benzopirini. Kadiri miali inavyoilamba nyama ndivyo zinavyoongezeka. Mchomaji anayesubiri miali itulie, akachomea juu ya makaa yenye majivu meupe, anapata ladha ya kwanza bila kulipa sana kwa ya pili.

Je, wajua kwa nini kuchoma nywele za kichwa cha mbuzi kunanuka tofauti na kuchoma nyama yake? Nywele na kwato zimeundwa kwa keratini, protini yenye salfa nyingi, na salfa ikiungua pua haina subira. Kazi hiyo hufanyika sana Kiamaiko, soko la mbuzi linalojulikana Eastlands nzima, na supu ya kichwa na miguu huanzia hapo. Moto wa kuni au gesi huondoa nywele na kuacha harufu inayooshwa. Moto wa tairi au plastiki huacha sumu ambayo maji hayaitoi.

Je, wajua kwamba chumvi haileti ladha yake tu, bali huzima uchungu? Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Paul Breslin na Gary Beauchamp, walionyesha katika jarida la Nature kwamba sodiamu hupunguza uchungu ulimini na hivyo kuacha utamu ujitokeze. Kile kilima cha chumvi pembeni ya ubao wa nyama choma kinafanya kazi hiyo hasa pale ukoko ulipoiva kupita kiasi.

Je, wajua kwamba pilipili "inaunguza" kwa kweli, angalau kwa kadiri mishipa inavyojua? Kemikali yake hugusa kipokezi kilekile kinachohisi joto la kuanzia nyuzijoto 43 hivi. David Julius, aliyekigundua, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Ubongo unaarifiwa kwamba kinywa kinaungua, ilhali hakuna hata seli moja iliyoungua.

Je, wajua kwamba busaa huchachushwa mara mbili, na katikati hupitia motoni? Unga wa mahindi uliochachushwa hukaangwa juu ya bati mpaka ukawa wa kahawia, ndipo uchanganywe na kimea cha wimbi uchachuke tena. Rangi na harufu ya mkate inayosikika ndani ya kata hutoka kwenye bati hilo.

Mursik ya Wakalenjin nayo ni maziwa yenye makaa kwa makusudi. Kibuyu husuguliwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet, ndipo maziwa yatiwe yagande kwa siku kadhaa. Ile rangi ya kijivu na ladha ya moshi ni chembe za mkaa huo.

Je, wajua kwamba buni mbichi hainuki kahawa? Inanuka majani. Ikifika nyuzijoto 200 hivi kwenye kikaango hulia kwa mara ya kwanza, mvuke ukipasua punje. Ikiendelea hulia tena, na mafuta huanza kutokeza juu. Kufikia hapo imepoteza takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake na karibu sukari yake yote. Kahawa tungu inayomiminwa jioni Lamu na Mombasa ni buni iliyosukumwa karibu na ukingo wa kuungua na kusimamishwa kwa wakati.

PUA NA ULIMI

Je, wajua kwamba ulimi una kipokezi kimoja tu cha utamu lakini vya uchungu takriban 25? Sukari ni sukari. Sumu za mimea ni nyingi na za kila aina, na mwili umejiwekea walinzi wengi wa kuzitambua. Mtoto anayetema ukoko mweusi anafuata ushauri wa zamani sana.

Watu hawahisi uchungu kwa kiwango kimoja. Mwaka 1931 mwanakemia Arthur Fox wa Marekani alimwaga unga wa kemikali fulani maabarani. Mwenzake akalalamika kwamba hewa ni chungu, yeye mwenyewe hakuhisi kitu. Tofauti hiyo ni ya kurithi, na utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake uliochapishwa mwaka 2012 umeonyesha kwamba Afrika ina aina nyingi zaidi za jeni inayoleta tofauti hiyo. Basi mabishano ya mezani kama chapati imeungua au la yanaweza kuwa ya kweli pande zote mbili.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya ladha ya kuungua haiko ulimini? Ziba pua, tafuna kipande cha ukoko: utahisi uchungu na ugumu, basi. Achia pua, na harufu ya moshi inapanda kutoka nyuma ya koo.

Je, wajua kwamba pua huzoea? Harufu ikidumu, ubongo huacha kuitangaza. Dampo la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, haliko mbali na Lucky Summer, na moshi wake mgeni huugundua haraka kuliko mwenyeji. Jikoni ni vivyo hivyo: aliyekaa karibu na jiko tangu mwanzo ndiye wa mwisho kujua maharagwe yameshika. Mwite aliyetoka nje.

Baada ya COVID-19, watu wengi waliona kahawa, vitunguu na nyama ya kuchoma vimegeuka uvundo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, wakiongozwa na Jane Parker, walionyesha kwamba mojawapo ya molekuli zinazochochea hali hiyo ni ileile inayoipa kahawa iliyokaangwa harufu yake nzuri.

Na ukisikia harufu ya kuungua ambayo hakuna mwingine anayeisikia, tena ikijirudia? Inaweza kuletwa na kipandauso, maambukizi ya pua, au aina fulani ya kifafa. Mwone daktari.

KIASI GANI NI SALAMA?

Je, wajua kwamba hofu ya chipsi nyeusi ilianza na ng'ombe wa Sweden? Mwaka 1997, wakati wa kuchimba handaki la reli la Hallandsås, dawa ya kuziba nyufa yenye akrilamidi ilivuja majini. Samaki wakafa, ng'ombe wakapooza. Wanasayansi wakapima damu ya wafanyakazi kutafuta akrilamidi, na wakaikuta hata kwa watu ambao hawakuwahi kufika handakini. Ilikuwa inatoka wapi? Aprili 2002 jibu lilitangazwa: kwenye chakula chenye wanga kilichokaangwa au kuokwa zaidi ya nyuzijoto 120. Viazi vya kuchemsha havikuwa nayo.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikwisha kuiweka akrilamidi mwaka 1994 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi kwa wanyama wa maabara ni mzito. Kwa watu wanaoila kwenye chakula bado haujaafikiana.

Je, wajua kwamba masizi yalishukiwa kuleta saratani kabla ya bakteria kujulikana kuwa chanzo cha maradhi? Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kwamba wasafisha mabomba ya moshi, wengi wao walioanza kazi utotoni, wanapata saratani ya ngozi ya korodani kwa sababu ya masizi. Mwaka 1933 wanakemia wa Uingereza walitenga benzopirini kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Ndiyo hiyo inayopatikana, kwa kiasi kidogo, kwenye ukoko mweusi wa nyama.

Mwaka 1977 Takashi Sugimura na wenzake wa Japani walionyesha kwamba sehemu iliyoungua ya samaki na nyama inaweza kubadilisha vinasaba vya bakteria maabarani. Tangu hapo tafiti zimeonyesha mambo manne rahisi: kugeuza nyama mara kwa mara, kuikandia vitunguu saumu, ndimu au rozimari kabla ya moto, kuiweka juu zaidi ya makaa, na kukata kilicho cheusi. Kila moja hupunguza kemikali hizo.

Je, wajua rangi ya kulenga? Ni ya dhahabu hadi kahawia ya mbegu ya kunde. Ladha karibu yote unayoitafuta imeshafika hapo. Weusi unaoongezwa baadaye unaleta uchungu na kemikali, na huondoa kile ulicholipia.

Mwisho, je, wajua ni nani aliye hatarini zaidi kwenye kibanda cha nyama choma? Si mteja anayekula kipande kimoja chenye ncha nyeusi Ijumaa jioni. Ni yule anayesimama mbele ya wavu kila siku, na mama anayepika ndani ya chumba kisicho na dirisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Basi kabla ya kuogopa ukoko, toa jiko nje, fungua mlango, na simama upande ambao upepo unatokea.